Magari ya mbio ya wanafunzi: anayebeba mzigo anaketi wapi?

Ndugu wasomaji wa Butembo, Beni na Lubero, na ninyi mliohama makwenu na mnatusoma kwenye simu ya jirani, leo naomba tupumzike kidogo na habari za risasi. Nataka tuzungumze juu ya magari ya mbio yanayotengenezwa na wanafunzi wa vyuo vikuu. Najua wengine watasema: huyu mwandishi amekosa habari? Subirini kidogo. Hii habari inatuhusu.

Siku moja ya mwezi wa nane mvua ilinikuta kwenye garaji moja hapa Butembo, nikajikinga humo. Umeme ulikuwepo. Kijana mmoja wa garaji akafungua kompyuta yake na kutuonyesha mashindano yanayofanyika kila mwaka huko Hockenheim, Ujerumani. Tulikuwa watu saba: mafundi watano, mimi, na kijana wa shule ya ufundi ambaye familia yake ilikimbia kutoka upande wa Kanyabayonga katikati ya mwaka 2024, vita vilipofika kule. Shule yake ilikatika. Sasa anajifunza kazi kwa kushika funguo na kuosha vipande vya moteri kwa esansi.

Tulikaa mbele ya kompyuta kama watu wanaongoja mechi ya mpira. Nitawaambia ukweli: kwa mtazamaji, mashindano haya ni baridi. Magari hayapigani bega kwa bega. Wanaruhusu machache tu, wanayaachanisha, na kila moja linakimbia na saa yake kati ya vikoni vidogo vya plastiki. Likigusa kikoni linaongezewa sekunde. Tuliona gari zuri, limechorwa majina ya wafadhili kila upande, likizunguka vizuri mpaka katikati ya safari. Likasimama ili dereva mwingine aingie. Kisha likakataa kuwaka. Wanafunzi wakasimama pembeni na mikono kichwani, kwa sababu kanuni inawakataza kuligusa.

Mzee wa garaji akacheka. Akasema: "Hiyo pane naijua. Moteri imepata joto. Sisi tungekuwa tumeshaiwasha."

Kisha yule kijana akauliza swali ambalo limenifanya niandike haya: "Mzee, anayebeba mzigo anaketi wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Lile gari lina kiti kimoja tu, cha dereva. Nilirudi nyumbani na swali hilo, nikaanza kusoma historia ya mashindano hayo. Nimekuta mambo ambayo mafundi wetu wanapaswa kuyajua.

Yalianza na gari la mbao

Mwaka 1979, huko Houston katika jimbo la Texas, Marekani, wanafunzi wa vyuo kadhaa walikutana na vigari vyao vidogo. Wazo lilitoka kwenye gazeti la mambo ya ufundi, Popular Mechanics, ambalo lilikuwa limeonyesha namna ya kujitengenezea kigari cha mbio kwa mbao, na kukitia moteri ndogo ya nguvu za farasi tano. Mbao, ndugu zangu. Hapa kwetu mtu akisikia gari la mbao anafikiria mara moja shukudu.

Mwaka uliofuata hakuna aliyeyaandaa tena. Yangeweza kufia hapo. Lakini wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walisema kwamba kanuni za zamani zilikuwa zinawabana, wakapendekeza kanuni mpya zinazompa mwanafunzi nafasi ya kubuni gari lake kwa uhuru zaidi. Mwaka 1981 mashindano mapya yakafanyika, yakaitwa Formula SAE. Mwaka 1998 yakavuka bahari mpaka Uingereza, na huko yanaitwa Formula Student. Tangu mwaka 2006 Ujerumani nayo ina mashindano yake huko Hockenheim. Leo timu zinatoka mabara yote, na hata Misri, hapa kwetu Afrika, inapeleka vyuo vyake.

Shikeni jambo hilo moja: mashindano haya yalizaliwa siku wanafunzi waliposema kanuni hizi hazitufai, tuandike nyingine. Nitarudi hapo.

Alama zinahesabiwaje

Wengi wanadhani gari lenye mbio kuliko yote ndilo linashinda. Hapana. Kwa kanuni za Marekani alama zote ni 1000, na 325 kati yake zinatolewa gari likiwa limesimama. Wataalamu wanakuja, wanazunguka gari na kuuliza: kwa nini chuma hiki kimepinda hivi? Kwa nini umechagua gurudumu la kipimo hiki? Mwanafunzi akijibu "tulikuta wenzetu wanafanya hivyo", amepoteza. Hapo kuna alama 150. Kuna alama 100 za gharama: timu inaandika bei ya kila kipande, hata kile kidogo cha kufungia gurudumu, na kueleza kinavyotengenezwa. Na kuna alama 75 za kueleza biashara, kana kwamba mbele yako wameketi watu wenye pesa unaotaka wakukopeshe.

Alama nyingine 675 ni za barabarani. Kuna kuondoka kwa kasi kwenye mstari ulionyooka, kuna kuzunguka duara, kuna mzunguko mmoja wa haraka. Lakini sehemu kubwa, alama 275, ni ya safari ndefu ya kilometa 22 hivi, madereva wawili wakibadilishana katikati. Baada ya hapo wanapima esansi au umeme uliotumika. Hapo ndipo magari mengi yanakufa. Kilometa 22! Kutoka hapa Butembo hujafika hata nusu ya njia ya kwenda Beni, ambayo ni kilometa 54.

Mafundi wetu walifurahi waliposikia kwamba magari mengi yanayotumia esansi yanaendeshwa na moteri ya pikipiki. Ni kweli. Kanuni inaruhusu moteri isiyozidi sentimeta za ujazo 710, na hewa yote inayoingia lazima ipite kwenye tundu la milimeta 20 tu, ili nguvu isizidi. Pikipiki za wamotari wetu nyingi ni za 125 au 150. Kwa hiyo kazi ile si ya sayari nyingine. Mtu anayefunga pikipiki kutoka kwenye kasha hapa Butembo anaelewa sehemu kubwa ya anachokiona.

Nasifu mambo mawili hapo. La kwanza ni lile swali la "kwa nini". Shuleni kwetu mwanafunzi wa ufundi anaweza kumaliza miaka yote akichora moteri ubaoni bila kuulizwa hata mara moja kwa nini imechorwa hivyo. La pili ni hesabu ya bei. Fundi anayejua bei ya kila kipande hadanganywi na mfanyabiashara wala hamdanganyi mteja.

Ninachokosoa

Sasa niseme yasiyonipendeza.

Kwanza ni pesa. Wanasema ni mashindano ya akili, lakini akili ya timu moja inafanya kazi kwenye karakana yenye mashine za kila aina, na ya nyingine inaomba chuma kwa mkopo. Mwezi wa tisa mwaka 2023, wanafunzi wa Zurich, Uswisi, walifikisha gari lao la umeme kutoka kusimama mpaka kilometa 100 kwa saa kwa sekunde 0.956. Hakuna gari la umeme lililokuwa limefanya hivyo mbele yao. Ukipepesa macho mara mbili, wamekwisha kupita. Nawapongeza bila wivu. Lakini nyuma ya sekunde hiyo kuna chuo tajiri, makampuni na miaka ya wakubwa waliotangulia. Chuo kinachoanza leo kinapimwa kwa saa ileile.

Pili, tazameni betri. Magari mengi ya mashindano haya sasa ni ya umeme, na betri nyingi za magari ya umeme duniani zinahitaji kobalti. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi yetu, kule Lualaba na Haut-Katanga. Udongo wetu uko kwenye mashindano. Wanafunzi wetu hawako. Mwanafunzi wa ng'ambo anaandika bei ya betri kwenye karatasi yake ya gharama, lakini hesabu hiyo haionyeshi maisha ya aliyechimba.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni mteja. Kanuni za mashindano zinamwambia mwanafunzi: jifanye unafanya kazi kwenye kampuni inayotaka kuuza gari kwa mtu anayependa kukimbia mwisho wa wiki kwa kujifurahisha. Kila jibu kwa wataalamu linarudi kwa mtu huyo. Kwa nini gari ni jepesi? Kwa ajili yake. Kwa nini liko chini karibu na ardhi? Kwa ajili yake. Kwa nini kiti kimoja? Ni kwa sababu yuko peke yake, Jumamosi, kwenye lami, tumbo limeshiba.

Sasa rudini kwenye swali la kijana wetu. Yeye hakumwona mtu wa Jumamosi. Alimwona mama anayetoka Maboya na magunia ya viazi. Alimwona mamake mwenyewe siku ile ya kukimbia, na godoro, sufuria na watoto. Kwa watu wa nchi hii swali la kwanza la chombo chochote ni moja: kinabeba nini, na kikilala njiani nani atakiamsha?

Nairobi na Kampala

Majirani zetu walishajaribu kujibu, na historia yao inafundisha.

Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya aliwaambia watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya au likienda polepole. Walifanya kazi na karakana za nchi hiyo, zikiwemo za reli. Tarehe 24 Februari 1990 magari yaliyoitwa Nyayo Pioneer yakaonyeshwa kwenye uwanja wa Kasarani. Yalitengenezwa machache, matano tu, na yaliweza kufika kilometa 120 kwa saa. Wahandisi walikuwa wamefanya kazi yao. Lakini kampuni iliyoundwa ili kuyatengeneza kwa wingi haikupata pesa za kutosha, na hakuna Mkenya aliyewahi kwenda dukani kulinunua. Naona kosa lilikuwa hapa: mteja wa kwanza wa gari lile alikuwa rais na sherehe yake. Sherehe ikiisha, mteja amekwenda nyumbani.

Kampala walianza tofauti, na wao walianza kwa wanafunzi hasa. Karibu na mwaka 2007 wanafunzi wa Makerere waliingia kwenye kazi ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi, iliyoongozwa na wanafunzi wa MIT huko Marekani, ya kubuni gari lisilokula mafuta mengi. Waliporudi na ujuzi huo, Makerere ikaamua kutengeneza la kwao. Tarehe 24 Novemba 2011 Rais Museveni akazindua Kiira EV, kigari cha umeme cha viti viwili. Watu walipiga picha. Wengine walicheka: viti viwili, kwa familia gani ya Uganda?

Inaonekana waliwasikia waliocheka. Mwaka 2014 walitoa gari la watu watano. Mwaka 2016 walionyesha basi, Kayoola, la abiria 35, na vioo vya kuvuta umeme wa jua kwenye paa. Siku hizi kampuni hiyo, Kiira Motors, inajulikana kwa mabasi, na kiwanda chake kiko Jinja. Imechukua miaka mingi na pesa nyingi za serikali, na wanaoikosoa hawajakosa sababu. Lakini tazameni safari yenyewe: viti viwili, vitano, 35. Kila hatua mteja alibadilika. Kutoka mtu wa kupigwa picha mpaka mtu anayengoja basi asubuhi aende kazini. Kazi ya Kampala bado iko hai, na mimi naamini kubadilisha mteja ndiko kulikoiokoa.

Sisi tuna shule ambayo hatuihesabu

Msiseme sisi hatuna kitu. Shukudu ilibuniwa hapa Kivu ya Kaskazini, na watu wengi wanataja miaka ya 1970. Mbao za mkaratusi, magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa mapine ya zamani, sehemu ya kuweka goti. Inabeba mamia ya kilo, inateremka mlima na dereva mmoja. Tangu mwaka 2009 Goma ina sanamu ya shukudu kwenye mzunguko wake mkubwa. Hakuna profesa aliyeichora. Lakini ukimuuliza fundi wa shukudu kwa nini gurudumu ni kubwa hivi na mbao ni ya mti huu, atakujibu mpaka uchoke. Angepata alama nyingi katika zile 150.

Na hapa Butembo, pikipiki zinafika kwenye makasha kupitia Mombasa, Kampala na Kasindi, na mafundi wetu wanazifunga mpaka zinawaka. Wanaongeza chuma nyuma kwa ajili ya mzigo, wanaimarisha springi kwa sababu aliyeitengeneza hakuijua njia ya Beni. Hiyo ni kazi ya mhandisi. Kinachokosekana ni yule anayekuja kuuliza "kwa nini" na kuandika jibu. Fundi akifariki au akikimbia vita, ujuzi unakwenda naye. Tangu mauaji yalipoanza upande wa Beni mwezi wa kumi mwaka 2014, ni garaji ngapi zimefungwa, ni mafundi wangapi wametawanyika? Hakuna daftari hata moja la waliyoyajua.

Tuandike kanuni zetu

Nilisema nitarudi kwa wanafunzi wa Austin. Walikuta kanuni haziwafai, wakaandika nyingine, na dunia nzima ikawafuata. Nani ametukataza?

Napendekeza hivi, na nawaomba wakubwa wa shule za ufundi, wenye magaraji, wafanyabiashara na mashirika ya raia mnisahihishe. Tufanye mashindano ya chombo cha mzigo kati ya shule za ufundi na magaraji ya Butembo, Beni na Lubero. Kila timu iwe na wanafunzi na fundi mmoja wa garaji, na nafasi mbili ziwe za vijana waliohama, hata kama hawana karo wala karatasi za shule. Chombo kinaweza kuwa shukudu iliyoboreshwa, kigari cha kuvutwa na pikipiki, au kitu ambacho bado hatujakiona. Kibebe kilo 200 za viazi. Kipande mlima wa Butembo na kuteremka bila kumuua mtu, maana breki ni uhai. Bei yake yote iandikwe, na isizidi kile ambacho chama cha akina mama wa soko kinaweza kuchanga.

Tuchukue kutoka kwao yale mazuri: maswali ya "kwa nini", karatasi ya gharama, na ile safari ndefu inayofichua uongo. Lakini kanuni moja tuibadilishe kabisa. Kwao chombo kikizimika katikati, hairuhusiwi kukigusa. Kwetu kikizimika, saa iendelee kuhesabu na timu itengeneze palepale, kwa vifaa vilivyomo mfukoni. Chombo kisichoweza kutengenezwa njiani hakitufai, kwa sababu njia zetu kuna mahali ambapo kulala ni hatari.

Kuna watakaosema kwamba wakati wa vita si wakati wa michezo. Ninawaelewa. Tuko chini ya hali ya dharura tangu mwezi wa tano mwaka 2021, na mazishi hayajaisha. Mashindano hayazuii panga. Lakini kijana aliyekatishwa shule, asiye na kazi ya mikono wala mtu wa kumuuliza anachokijua, sote tunajua ni nani wanamtafuta msituni. Mwezi wa sita mwaka 2021 marais wawili walikutana mpakani kuzindua kazi ya barabara za kutoka Kasindi mpaka Beni, Beni mpaka Butembo, na Bunagana mpaka Goma, kilometa 223 kwa jumla. Lami itakayofika, itapita juu yake chombo cha nani? Kama hatujajiandaa, tutakuwa watazamaji kwenye barabara yetu wenyewe, kama tulivyokuwa siku ile mbele ya kompyuta.

Jioni ile mvua ilipokatika niliaga. Kijana alikuwa amechukua chaki na kuanza kuchora kwenye mlango wa chuma wa garaji. Pikipiki, na nyuma yake kigari cha magurudumu mawili. Mzee akamsogelea na kumwuliza: "Mwanangu, kwa nini magurudumu mawili na siyo moja?"

Kijana akafikiri, akafuta kwa kiganja, akaanza tena.